Mama Anyonyeshaye Baharini



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mama mmoja ambaye wengi wetu hatujapata kumwona, ingawa anaishi katika mkoa wetu huu wa Pwani. Mimba yake huchukua zaidi ya mwaka mmoja. Huzaa mtoto mmoja tu, naye humnyonyesha kwa matiti kama tunyonyeshavyo sisi. Humchukua kila aendako, na akiuawa, mtoto huyo hana shangazi wala bibi wa kumlea. Jina la mama huyo ni nguva.

Najua baadhi yenu mtashtuka mkilisikia jina hilo. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba nguva ni nusu mwanamke na nusu samaki, ana nywele ndefu, na huwavuta wanaume majini wakapotea. Wengine wamemsikia akitajwa katika mikutano ya maombezi pamoja na majini ya baharini. Naomba leo tuyaweke hayo kando. Nguva ninayemsema si jini. Ni kiumbe wa Mungu mwenye damu ya moto, apumuaye hewa kama mimi na wewe, na chakula chake ni majani.

Ngozi za hema

Kwetu Zegereni hakuna bahari. Ukishuka Visiga kwenye barabara ya Morogoro, unaingia ndani kwenye mikorosho na miembe, na siku hizi kwenye viwanda. Mtu anaweza kuuliza, habari za nguva zilitufikiaje huko? Zilitufikia kwa njia ya Biblia.

Katika kipindi chetu cha wanawake tulikuwa tukisoma kitabu cha Kutoka, sura ya 25, pale Bwana anapomwagiza Musa vitu vya kutengenezea hema ya kukutania. Katika orodha ile, Biblia yetu ya Kiswahili inataja ngozi za pomboo. Mama mmoja akauliza, "Jamani, jangwani pale pomboo walipatikana wapi?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Mchungaji wetu alipoletewa swali hilo alitueleza kwamba hata wafasiri limewasumbua. Neno la Kiebrania lililoandikwa pale ni tahashi, na maana yake hasa imepotea. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilimtaja mnyama wa nchi kavu wa jamii ya nyegere. Biblia ya Kimarekani ya mwaka 1901 ikasema ni sili. Yetu ikasema pomboo. Na wako wataalamu wanaosema kwamba huenda alikuwa nguva, kwa sababu nguva anaishi katika Bahari ya Shamu mpaka leo, na ngozi yake ni nene na ngumu. Katika Ezekieli 16 neno hilohilo limetumika kwa ngozi ya viatu.

Binti yangu wa mwisho, aliyekuwa kidato cha pili, alitaka kujua sili ni mnyama gani na kama anaweza kuonekana pwani yetu. Nilimweleza kwamba sili ana manyoya, hupanda juu ya miamba kuota jua na kunyonyesha watoto wake, na kwamba barani Afrika makundi yake makubwa yako Namibia na Afrika Kusini, ambako mkondo wa bahari ni wa baridi. Maji yetu ni ya vuguvugu, si makao yake. Akaniuliza, "Sasa mama, sisi tuna nani?" Nikamjibu kwamba sisi tuna pomboo, tuna nyangumi wapitao wakati wa kusi, na tuna nguva. Akasema, "Twende tukamwone nguva basi."

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi kisiwani Mafia. Miaka mingi alikuwa akinialika bila mimi kwenda. Basi likizo moja ya mwisho wa mwaka, kabla kaskazi haijashika nguvu, tulifunga safari mimi na binti yangu.

Kwa njia ya Nyamisati

Wengi hawajui kwamba Mafia ni wilaya ya mkoa wetu wa Pwani, na makao makuu ya mkoa ni hapahapa Kibaha. Hivyo mtu wa Zegereni aendaye Mafia hatoki nje ya mkoa wake, ila atapita Dar es Salaam. Tulikwenda mpaka Mbagala, tukapanda basi la barabara ya Kilwa, tukakunja Bungu kuingia Nyamisati. Hapo ndipo vyombo vya kwenda Kilindoni huondokea.

Chombo kikitoka Nyamisati hupita kwanza katikati ya mikoko. Ni msitu wa delta ya mto Rufiji, msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa. Ukiisha kutoka kwenye mikoko unaingia katika bahari iliyo kati ya delta na kisiwa cha Mafia. Chini ya maji hayo, mahali pasipo na kina kirefu, yameota majani ya bahari. Hayo ndiyo malisho ya nguva. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2003 kwa kuwahoji wavuvi wa Tanzania na Kenya ulionesha kwamba hapa kwetu nguva waliosalia wanaonekana hasa katika eneo hili la Rufiji, Mafia na Kilwa, na kidogo huko Moa, Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Wazee waliohojiwa walikumbuka wakati ambapo nguva walikuwa wengi.

Binti yangu alikaa ubavuni mwa chombo njia nzima akitazama maji. Abiria mmoja alipomuuliza anatafuta nini naye akasema nguva, watu walicheka. Mzee mmoja hakucheka. Alisema, "Mjukuu wangu, mimi nimevua miaka arobaini. Nimewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja."

Namna ya kumwona

Mdogo wangu alitupeleka kijiji kimoja cha upande wa magharibi wa kisiwa, upande unaotazama midomo ya Rufiji. Alitukabidhi kwa bibi mmoja, mama wa mvuvi, ambaye wajukuu zake wanasoma shuleni kwake. Bibi yule alitupokea kama watoto wake. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu. Mmekuja kumtafuta nguva? Basi mmekuja kujifunza kungoja."

Siku tatu mfululizo mwanawe alituchukua kwenye mashua yake alfajiri. Alitufundisha jinsi ya kutazama, nami nawaandikia msije mkadhani mmemwona nguva kumbe mmemwona mwingine.

Kwanza, bahari iwe shwari. Upepo ukishavuma na mawimbi kuanza kuvunjika, hakuna utakachokiona. Pili, chombo kizimwe mashine, maana nguva husikia sana na hukimbia makelele. Tatu, usitazamie kuona mwili. Nguva akija kupumua hutoa ncha ya pua tu, akavuta hewa mara moja, akazama tena kwa dakika kadhaa. Pomboo huonesha pezi la mgongoni na hupenda kuruka. Nguva hana pezi mgongoni, wala haruki. Mgongo ukionekana ni laini kama wa kiboko, na mkia ukiinuliwa ni mpana wenye panda mbili. Kasa naye hutoa kichwa, lakini kichwa chake ni kidogo na hukaa juu kwa muda akitazama.

Siku ya kwanza tulimwona kasa. Siku ya pili tulizungukwa na pomboo, tukawahesabu tisa, na binti yangu akapiga kelele kwa furaha mpaka nikaogopa ataanguka majini. Siku ya tatu hatukuona kitu asubuhi nzima. Maji yalikuwa ya bamvua, na yalipokupwa sana kijana yule alitushusha mahali ambapo majani ya bahari yalikuwa chini ya maji ya magotini. Akatuonesha alama. Katikati ya majani palikuwa na vijia vyeupe vya mchanga, vyembamba, vyenye kupindapinda, kama mtu aliyepita na jembe dogo asijue anaelekea wapi. "Hapa amekula," akasema. Nguva hang'oi jani juu juu. Hung'oa na mizizi, akaacha kijia nyuma yake. Kwa siku anaweza kula hata kilo 40 za majani.

Pembeni mwa kijia kimoja kilikuwako kingine, kifupi na chembamba zaidi. Kijana alikitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huenda ana mtoto." Hatukumwona nguva, si siku ile wala baadaye. Lakini nilisimama mle majini magotini nikitazama vile vijia viwili, kikubwa na kidogo, na nilijua kwamba si zamani alipita pale mama mwenzangu akimfundisha mwanawe kula.

Mama wa namna gani

Niruhusuni niwaeleze mambo machache yanayojulikana juu ya mnyama huyu, maana yatatusaidia kuelewa yatakayofuata.

Nguva aliyekomaa hufikia urefu wa mita tatu na uzito wa kilo 400 au zaidi. Ndugu zake wa karibu katika nchi kavu si samaki wala si ng'ombe, ni tembo na pimbi. Matiti yake ni mawili, yako chini ya mapezi ya mbele, karibu na kwapa. Yawezekana ndiyo sababu mabaharia wa kale walimwona wakadhani ni mwanamke.

Jike hachukui mimba upesi. Wako wanaoanza kuzaa wakiwa na miaka sita au saba, na wengine huchelewa mpaka miaka kumi na mitano na zaidi. Mimba ni miezi 13 hadi 14. Mtoto ni mmoja. Mtoto huyo huanza kula majani mapema, lakini huendelea kunyonya mpaka mwaka na nusu hivi, na muda huo wote huogelea karibu na mama yake. Baada ya hapo mama hupumzika. Kati ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu hata saba. Hivyo nguva akiishi maisha marefu, na anaweza kufika miaka 70, bado watoto wake hawatakuwa wengi.

Kwa hiyo, akina mama, kuku akiliwa na mwewe, mwingine ataangua vifaranga kumi kabla ya mwezi kwisha. Nguva jike akifa, pengo lake halizibiki kwa miaka mingi. Mwaka 1741 mtaalamu mmoja aitwaye Georg Wilhelm Steller alimkuta katika bahari ya baridi kati ya Urusi na Marekani ndugu mmoja mkubwa wa nguva. Mabaharia walimwinda kwa ajili ya nyama. Ilipofika mwaka 1768, yaani miaka 27 tu baadaye, hakusalia hata mmoja. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba katika bahari ya China nguva wamekwisha kiasi cha kutoweza tena kuendeleza kizazi. Mwaka huohuo nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa katika daraja la wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Ilikadiriwa kwamba waliokomaa hawafiki 250 katika pwani yetu yote, na wengi wao wako Msumbiji, katika visiwa vya Bazaruto. Wenzetu wa Abu Dhabi, katika Ghuba ya Uajemi, wanao karibu 3,000. Hivyo basi si mnyama asiyeweza kuishi na watu. Ni mnyama asiyeweza kuishi na haraka ya watu.

Aliyoyasimulia bibi

Usiku wa mwisho, baada ya chakula, bibi alitandika jamvi uani. Binti yangu alimuuliza, "Bibi, wewe umepata kumwona?"

Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akatusimulia.

"Ilikuwa mwaka ule wa mvua za El Niño. Marehemu mume wangu alitega jarife usiku. Alfajiri wakavuta, wakaona zito. Walidhani papa. Kumbe ni nguva jike, amekwisha kufa, maana yule akinaswa chini hawezi kupanda kuvuta pumzi. Wakamkokota mpaka pwani. Kijiji kizima tukatoka, wengine na vikapu, wengine na visu. Nyama ya nguva ilikuwa tamu kama ya ng'ombe, na njaa ilikuwapo.

"Wanaume wakamgeuza. Walipomgeuza, yakatoka maziwa. Meupe, mwanangu, yakamwagika mchangani. Mimi nilikuwa na huyu kijana wangu mgongoni, ananyonya. Nilipoyaona maziwa yale, na yangu yalishuka. Gauni likalowa. Nikarudi nyumbani. Sikula nyama ile.

"Na mtoto wake alikuwapo. Aliifuata mashua. Siku mbili watoto walimwona akizunguka pale kwenye maji madogo. Siku ya tatu hawakumwona."

Sisi watatu tulikaa kimya. Kila mama aliyenyonyesha anaijua hali ile ya maziwa kushuka pasipo kuitwa, hata ukisikia mtoto wa jirani analia. Sikujua kwamba inaweza kuvuka mpaka kati ya mtu na mnyama.

Wavu ni wa nani?

Hadithi haikuishia hapo. Kijana yule aliyekuwa mgongoni ndiye huyuhuyu aliyetuchukua kwenye mashua yake. Alikua akilisikia jambo hilo kwa mama yake. Miaka michache iliyopita, naye akiwa mvuvi mwenye jarife lake, alifika alfajiri akakuta nguva amenaswa karibu na uso wa maji, bado anapumua. Sheria ya nchi inakataza kumvua nguva, naye alijua. Tena katika kisiwa kile kazi ya kuwaelimisha wavuvi juu ya kasa na nguva ilianza mwaka 2001, na shirika la Sea Sense lililotokana na kazi hiyo linafahamika. Lakini alfajiri ile hakuwapo askari wala mtu wa shirika. Alikuwako yeye, nduguye, kisu, na jarife. Alikata. Nguva akaenda zake.

Mkewe alikuwa akiosha vyombo pembeni tulipokuwa tukisimuliwa. Aliacha vyombo akaja kukaa nasi. Ni mwanamke mpole, lakini alisema kwa uchungu.

"Da'angu, jarife lile nililinunua mimi kwa mkopo wa kikoba. Amerudi nyumbani limekatika katikati, anasema amemwachia nguva. Nikamwambia vema. Lakini Jumamosi ile ilinibidi nipeleke marejesho. Nguva hakuniletea marejesho. Mtoto alirudishwa shuleni kwa sababu ya sare. Walikuja watu wakampongeza mume wangu. Wakampiga na picha. Sikukasirika kwa kuwa amemwachia. Nilikasirika kwa kuwa hata mmoja hakuuliza wavu ule ulikuwa wa nani."

Bibi akasema, "Tuliushona sisi wawili, mimi na mkwe wangu. Wiki tatu."

Nimeyatafakari sana maneno ya dada yule. Ni rahisi kwangu mimi wa Zegereni, nisiyekula kwa kuvua, kusema nguva alindwe. Ni rahisi kwa mtu wa Ulaya kusema hivyo pia. Lakini kila nguva anayeachwa hai ameachwa na mtu fulani, na mara nyingi ni mtu maskini, naye amelipa. Amelipa kwa wavu, kwa samaki aliowakosa siku hiyo, kwa sare ya mtoto. Sisi tunaofurahi kwamba nguva yupo tumelipa nini?

Neno la Mungu linatuambia nini?

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 6 na ya 7, iko amri ndogo ambayo hatuisomi mara nyingi. Mtu akikuta njiani kiota cha ndege, na mama amelalia makinda au mayai, ameruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama amwache aende zake. Na Mungu ameambatanisha amri hiyo na ahadi ya kufanikiwa na kuwa na siku nyingi, ahadi inayofanana na ile ya kuwaheshimu baba na mama.

Nataka mwone jambo moja hapo. Mungu hakumkataza mtu mwenye njaa kula. Alijua kwamba watu wake watahitaji chakula. Alichokataza ni kumchukua mama pamoja na watoto, yaani kula leo na kesho kwa pamoja. Amri hiyo ina huruma kwa ndege, na ina huruma kwa mtu pia, maana mama akibaki, mwakani patakuwa na kiota kingine na mtu atakula tena.

Kwa nguva ni hivyohivyo. Penye nguva pana majani ya bahari, na penye majani hayo samaki wengi na kamba hukulia humo wakiwa wadogo. Mvuvi anayelinda malisho ya nguva amelinda pia kitoweo cha wanawe. Lakini faida hiyo huja polepole, na marejesho ya kikoba ni Jumamosi. Ndiyo maana mzigo huu haumpasi mtu mmoja.

Yatupasayo sisi

Wako watakaosema, "Sisi wa bara kidogo, hayo yatuhusu nini?" Yako mambo manne ambayo nimeyaona yanatuhusu.

La kwanza, tuwaambie watoto wetu kweli. Mtoto akikuuliza nguva ni nini, usimtishe. Mwambie ni mnyama anyonyeshaye, alaye majani, ndugu wa tembo. Kitu ambacho mtoto amekiogopa kama jini hatakionea huruma atakapokuwa mkubwa.

La pili, tusinunue. Wako wanaouza kwa siri mafuta, meno au nyama ya nguva, wakidai ni dawa. Mama Mkristo hahitaji dawa ya namna hiyo. Asiponunua mtu, muuzaji atachoka.

La tatu, tuangalie mto wetu. Maji tunywayo Kibaha hutoka Ruvu, na mto Ruvu huingia baharini karibu na Bagamoyo. Tukikata miti ya kandokando ya mto kwa mkaa, na tukilima mpaka ukingoni, tope huenda baharini na kuyafunika majani yanayohitaji mwanga wa jua ili yaote. Mifuko na chupa tunazotupa mitaroni nazo husafiri hukohuko. Hata sisi tusio na pwani tuna mkono wetu baharini.

La nne, tuwakumbuke wanawake wa wavuvi. Niliporudi niliwasimulia wenzangu wa kipindi cha wanawake maneno ya yule dada, kwamba hakuna aliyeuliza wavu ulikuwa wa nani. Hatukuhubiriana sana. Mama mmoja alitoa fundo la kanga yake akaweka elfu mbili mezani, na wengine wakafuata. Hazikuwa fedha nyingi. Zilitosha uzi wa kushonea nyavu na maboya machache, tukamtumia kwa simu. Alitujibu kwa ujumbe mfupi: "Asanteni. Sasa wavu una wenyewe wengi."

Nawaachia neno hilo, akina mama. Katika vikundi vyenu, katika sadaka zenu, na hata mnapopika samaki jioni, waulizieni wale wanaovua na wake zao. Kama yuko kati yenu mwenye shamba ukingoni mwa Ruvu, apande mti mmoja mwezi huu kabla mvua hazijaisha. Na mnapomnyonyesha mtoto usiku, mwombeeni na yule mama mwingine aliye gizani baharini, ili apate kupanda juu, avute pumzi, na kumrudia mwanawe salama.

Mungu awabariki na kuzilinda nyumba zenu.